Kuonja si Kula

Jikoni, kiwanda cha magodoro
4 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Nakutumia salamu za uzito wa gunia, zipokee kwa mikono miwili zisije zikaangukia cherehani yako. Watoto hawajambo? Shemeji mguu wake unaendeleaje? Mimi huku ni mzima, ukiondoa tumbo. Na tumbo lenyewe ni zima, isipokuwa linaungua.

Unanijua, mimi si mtu wa kulialia. Nimepika melini watu wakitapika pande zote nami sikumwaga hata tone. Nimepika migodini. Nimepika kwenye hoteli ambayo mgeni akitaka chumvi analetewa na watu wawili. Sasa mwaka wa sita nalisha watu mia nne wa kiwanda hiki. Kwenye sufuria langu mwanao wa pili anaweza kuogelea, na mwiko wangu ni mrefu kama kasia. Hakuna mwingine anayeushika. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kuwaka hapa chini ya kidari, miezi mitatu sasa, nililipa maziwa nikaliambia, tulia, bwana wako yuko kazini.

Halikutulia. Nikaenda kwa daktari. Akanibonyeza, akaandika, akasema nifanyiwe gastroskopi. Nikamwambia, daktari, nimezunguka dunia, lakini neno hilo halijawahi kupita bandarini kwangu. Akasema wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, unashuka mpaka tumboni, wanatazama kila kitu kwenye televisheni. Nikamwambia, mimi huwa napigwa picha kwa nje, tena upande wa kushoto ndio ninaopendeza. Hakucheka. Hawa watu sijui wanafundishwa wapi.

Lakini hilo si lililonichoma. Siku ile nilimwachia sufuria msaidizi wangu. Sijakuandikia habari zake kwa sababu hazikustahili wino. Ni mtu mzima wa rika langu, alikuja mwaka jana, jina la jikoni Taratibu. Kwa siku anasema maneno matatu, na mawili ni "ndiyo". Kitunguu anakikata kama anamwandikia barua mama mkwe. Basi akapika maharage. Maharage tu! Narudi saa saba, nakuta foleni. Nikauliza, hawajala bado? Nikaambiwa, wamekula, hii ni ya kuongezewa.

Sindano, miaka sita. Kwangu watu wanakula, wanashukuru, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kurudi na sahani. Mama wa stoo, aliyekuwa akinisalimia "Mpishi Mkuu" kwa sauti ya kuimba, alichungulia dirishani akaniuliza, "Taratibu yupo?"

Sasa kipimo hiki kitaniweka nje siku mbili. Ya kwanza ya mpira wenyewe, ya pili kwa sababu ya dawa ya usingizi: eti sitakiwi kushika kisu wala kusimama kwenye moto. Siku mbili! Akishika mwiko wangu siku mbili, ya tatu nitakuta picha yake ukutani. Nafikiri niliache tumbo liungue tu, ni langu.

Hata hivyo, wewe mwaka jana uliwahi kumeza mpira huo. Niambie ukweli, usiutarizi.

Kaka yako,
Mpishi Mkuu


11 Mei

Kaka yangu, Mpishi Mkuu wa Dunia na Vitongoji Vyake,

Gunia la salamu limefika, lilikuwa na tundu, yaliyobaki ndani ni majigambo. Sisi wazima. Shemeji yako mguu umepona, sasa anatafuta kisingizio kingine cha kukaa.

Ndiyo, nilipitishwa mpira mwaka jana. Nilikuandikia. Ulinijibu kurasa nne kuhusu keki ya harusi ya mkurugenzi wenu, na mwishoni mstari mmoja: "Pole kwa tumbo, kunywa maziwa." Nimeshakusamehe, ila nimeanza na hilo ili ujue nimelihifadhi.

Sasa sikiliza, na usinikatize hata kichwani mwako.

Tumbo lazima liwe tupu kabisa. Jioni ya kabla kula chakula chepesi mapema, halafu basi, mpaka umalize kipimo. Asubuhi hakuna chai, hakuna kitafunwa. Maji yenyewe yana saa ya mwisho, watakuandikia kwenye karatasi, fuata karatasi yako na si mdomo wangu. Mimi nilimuuliza muuguzi, hata kipande cha mkate? Akasema, mama, tumbo likiwa na kitu hatuoni, na ukitapika umelala kile kitu kinaweza kushukia kwenye mapafu. Kuanzia hapo sikuuliza tena.

Waambie dawa zote unazokunywa. Zote, Kaka. Na vile vidonge vya mgongo unavyovitafuna kama karanga tangu ulipoanguka kwenye ngazi ya meli. Waambie pia kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru. Na jino lako la bandia litatoka kabla hujalala pale kitandani. Ndiyo, najua unalo. Nilikuwepo lilipong'oka la zamani, ulilia mpaka mbwa wa jirani akakuonea huruma.

Watakupulizia dawa kooni, chungu ajabu, koo linakufa ganzi unahisi umemeza soksi. Utalala ubavu wa kushoto, upande wako wa picha. Unauma kidude cha plastiki, mpira unapita katikati. Watakuambia meza, wewe meza. Baada ya hapo pumua kwa pua, acha mate yatiririke, hakuna anayekutazama mate. Wanajaza hewa kidogo tumbo litanuke, kwa hiyo utacheua. Cheua tu, na wala usiombe radhi. Kuna wakati unataka kutapika na hakuna cha kutapika, pale ndipo pabaya, lakini ni dakika tano, kumi ikizidi. Wakichukua kinyama cha kupeleka maabara husikii kitu. Mimi kushona kola kunanitesa kuliko ule mpira.

Baadaye usile wala usinywe mpaka koo lizinduke, usije ukapaliwa. Na wakikuchoma dawa ya usingizi hawakuruhusu uondoke peke yako. Lazima awepo mtu mzima wa kukuchukua na kukaa nawe. Nani wako huko?

Jambo la mwisho, nijibu kama mwanaume: choo chako ni cha rangi gani? Kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu, na hapo usinisubiri mimi wala barua.

Mdogo wako,
Sindano


27 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Habari za kwenu? Nimepata barua yako, nimeisoma kwa makini yote, nimeificha ndani ya kopo la bizari ili jino langu libaki siri ya ukoo.

Nakuandikia nikiwa nimefadhaika. Jana ilikuwa siku ya mpira. Haukuingia.

Nisikilize kwanza. Juzi jioni nilikula uji mwepesi saa kumi na mbili, kwisha. Asubuhi sikumeza hata mate. Miadi saa nne. Saa moja nikasema nipite jikoni, si kwa ubaya, nione tu moto umewaka vizuri. Taratibu alikuwa ameshabandika mchuzi, umeiva nusu. Katoka kwenda stoo kuchukua mchele. Na harufu ile, Sindano! Nimesimama peke yangu na sufuria langu, na mwiko wangu umelalishwa ukingoni mwake kama umeolewa.

Nikaonja.

Ulimi ukaniambia, kuna kitu humu. Nikaonja tena nijue ni kitu gani. Mpishi akionja hahesabu, mkono unakwenda wenyewe, miaka thelathini mkono huu unaonja. Kisha nikafuta mdomo, nikaondoka.

Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, akaniuliza, "Baba, umekula chochote leo?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

Nikakumbuka ulivyoniandikia habari za mapafu. Nikasema, "Nimeonja tu."

"Umeonja nini?"

"Mchuzi."

"Kiasi gani?"

"Vijiko saba."

Akavua miwani. "Baba, vijiko saba vya mchuzi ni chakula cha mtoto."

Nikamwambia, "Dada yangu, kuonja si kula, muulize mpishi yeyote duniani. Kula ni kukaa chini." Mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu akaangua kicheko mpaka akajishika tumbo lake. Muuguzi akaniandikia tarehe nyingine, kumi Juni, na akapigia mistari miwili maneno haya: HAKUNA KUONJA. Halafu akauliza nani angenipeleka nyumbani, nikasema njia naijua mwenyewe. Akasema bila mtu hakuna sindano ya usingizi.

Narudi kiwandani, kuna foleni ya pili tena. Siku hiyo hiyo! Sikuelewa kabisa iliwezekanaje. Nilikaa kwenye gunia la viazi nikajiambia, huyu mtu ana hirizi.

Kumi Juni sidhani kama nitakwenda. Siwezi kumpa siku mbili nyingine. Kuhusu rangi uliyouliza, jikoni taa ni hafifu.

Kaka yako,
Mpishi Mkuu


2 Juni

Kaka,

Leo sikuulizi hali, kwa sababu nimeshaijua na wewe umeificha. Chooni si jikoni. Taa ya chooni ni hafifu pia?

Unamkumbuka Baba na chupa yake ya magadi? Kila baada ya chakula, kijiko, anacheua, anasema, "Gesi hiyo, imetoka." Miaka miwili ilikuwa ikitoka. Tulipomfikisha hospitali daktari alituuliza mbona hamkumleta mapema, na wewe ndiye uliyejibu, kwa sababu mimi sikuwa na sauti. Ulisema, "Alikuwa na kazi." Sasa na wewe una kazi.

Na huyo Taratibu nisikilize vizuri, maana mimi wivu naujua kuliko wewe, nimelelewa nao. Mama alipokuwa hai kila mgeni aliambiwa kuhusu wali wa kijana wake. Wali, wali, wali. Aliyeosha ile sufuria hakutajwa. Nilikuchukia kwa sufuria ile mpaka nilipoolewa. Unajua ilipungua lini? Siku uliyorudi likizo ukapika, kisha ukaiosha mwenyewe bila kuambiwa. Wewe hukumbuki. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Basi nakupa dawa inayokifaa kichwa chako kilivyo. Unaogopa kumwachia sufuria? Usimwachie. Mchukue awe ndiye mtu wako wa kukusindikiza. Akiwa amekaa hospitali na kofia yako mapajani, hawezi kuwa amesimama kwenye mchuzi wako. Siku hiyo wakale mkate.

Nenda, Kaka. Sina mwingine wa kugombana naye.

Sindano


20 Juni

Kaka,

Tarehe kumi imepita, na leo ni ishirini. Nimepiga simu ya ofisi ya kiwanda mara mbili, mtu anasema "hayupo" halafu inakatika. Hayupo yuko wapi? Nimeshona mkono wa gauni la bibi harusi kwenye kiuno. Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Mdogo wako


29 Juni

Mdogo wangu mpenzi, Sindano wa chuma,

Salamu. Tusi sina, nimeishiwa. Hujambo wewe? Bibi harusi je, alivaa hivyo hivyo? Mimi sijambo, na safari hii nasema sijambo ya kweli, yenye karatasi na muhuri. Nisamehe ukimya. Nilijiambia sikuandikii mpaka kile kinyama walichokipeleka maabara kijibu, maana ningekuandikia nini kabla ya hapo? Na ofisini wamekujibu hovyo tu, wale hata mkurugenzi akiuliziwa wanasema hayupo.

Shauri lako lilikuwa la kishetani na nililipenda mara moja. Nikapiga hesabu: akiwa nami, hayuko jikoni. Nikamfuata anachambua maharage.

"Taratibu, tarehe kumi una kazi?"

"Ninayo. Yako."

"Nataka unisindikize hospitali."

"Saa ngapi?"

Basi. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba.

Siku hiyo watu mia nne wakala mkate na chai. Hakuna aliyefurahi, ila mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi njia nzima. Sikuonja kitu. Asubuhi nilipita mbali na jikoni, nikazunguka nyuma ya magodoro. Yule muuguzi wa miwani ya kamba akanipokea, "Vijiko vingapi leo, baba?" Nikamwambia hata harufu sijainusa. Nikawaambia vidonge vya mgongo, vyote, mpaka daktari akaacha kalamu akanitazama. Nikawaambia na rangi. Ni lami, Sindano. Ilikuwa lami tangu mwezi wa nne.

Jino likatoka. Nilitaka kuliweka mfukoni, suruali yao haina mfuko. Taratibu akanyoosha kiganja. Unaelewa? Mtu ninayemwonea wivu kuliko wote duniani, amelifunga jino langu kwenye karatasi laini, amelitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Mpira wenyewe ni kama ulivyosema. Soksi kooni, ubavu wa kushoto, kidude mdomoni. Nikacheua kama fahali na sikuomba radhi. Nilisikia sauti zao mbali, kama wanaongea kwenye chumba cha jirani, kisha sikumbuki.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sikukwambia. Siku ile ya vijiko saba, kuonja kulikuwa kijiko kimoja. Kilikuwa kitamu, Sindano, kitamu kuliko changu, na nilijua hapo hapo. Nikachukua konzi mbili za chumvi nikazitia. Konzi mbili, kwenye sufuria la watu mia nne. Vile sita vingine vilikuwa vya kupima kama nimeshaharibu ya kutosha. Ndiyo maana foleni ya pili ilinipiga kama kofi.

Nilipozinduka Taratibu alikuwa kwenye kiti, kofia yangu mapajani, kama ulivyomweka. Ulimi wangu bado mzito, na kichwa kimelegea kama koo. Nikasikia mtu anasema, "Chumvi niliitia mimi." Alikuwa ni mimi.

Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Chembe zilikuwa ukingoni. Mimi sina mkono wa kumwaga."

"Ukafanyaje?"

"Nilitoa nusu. Nikaongeza viazi na maji na nyanya. Kile nilichotoa nikakichanganya na mchuzi wa kesho yake."

"Na wakarudi na sahani?"

"Wakarudi."

Halafu nikamuuliza, mbona hukunisema kwa mtu? Alifikiri muda mrefu, unajua anavyofikiri, kitunguu kizima kingeisha. Akasema, "Tumbo lilikuwa linakuuma."

Nikalia, lakini hiyo ni ile dawa. Muuguzi mwenyewe alisema dawa ile inalegeza watu.

Wakakuta kidonda. Daktari alinionyesha kwenye picha, ukubwa wa kifungo cha shati, kile cha kola, na katikati pana doa linalovuja damu kidogo kidogo. Akalifunga humo humo kwa mpira ule ule, nami sina habari. Wakanilaza siku nne. Taratibu alikuja kila jioni akitoka kazini, anakaa, hasemi kitu, anaondoka. Siku ya pili alinirudishia jino. Alikuwa ameliosha.

Juzi kinyama kimejibu. Si saratani, si kile alichokuwa nacho Baba. Soma tena hapo. Ni vijidudu na vile vidonge vya mgongo, vimeshirikiana kunila. Vidonge nimekatazwa maisha, vijidudu vimepewa dawa za wiki mbili, na baada ya wiki nane mpira unarudi kutazama kama kifungo kimeziba. Nitakwenda. Mtu wa kunisindikiza ninaye.

Jana nimerudi kiwandani, nusu siku, bila moto wala mwiko. Saa saba nikachukua sahani nikajipanga foleni, jambo ambalo sijalifanya tangu niwe na akili. Mama wa stoo alikuwa mbele yangu, akaniambia, "Karibu duniani." Yalikuwa maharage. Nikakaa chini nikala. Nilikula, sikuonja.

Nikamfuata pale dirishani. Wivu ungali hai, usidhani mpira ulitoka nao. Nikamwambia, "Chumvi imepungua."

Akasukuma kopo la chumvi mpaka mbele yangu. "Tia wewe."

Nikatia chembe sufuriani kwa vidole viwili. Kisha nikarudi nyuma ya foleni na sahani yangu.

Kaka yako,
mmoja wa wapishi